Tutanyonga kinga mpaka Kolwezi, lakini mgongo wetu hauuzwi



Tangu tutangaze kama tutanyonga kinga kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, ili kutafuta franga za kutia taa na kitanda cha kuzalia mu materniti moja ya kandokando ya barabara, maulizo yamekuwa mengi. Wengine wanauliza: mtaweza? Wengine: nani anawalipa? Na wengine wanacheka tu: ni mashomeri hawa, hawana kazi, ndiyo maana wako na wakati wa kucheza na kinga. Ninajibu kwa jina langu mimi, kama mumoja wa wale wanaofanya mazoezi kila juma, na wenzangu wasiokubali mawazo yangu watajibu nao.

Nianze na ile ya ushomeri, ju ndiyo rahisi. Kweli, sina kazi. Niko na lisansi ya ekonomia na barua zangu za kuomba kazi zimelala mu maofisi sijui ngapi. Lakini mtu asiye na kazi si mtu asiye na nguvu. Katiba yetu ya 2006, mu kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu. Haki hiyo bado hatujaiona. Wajibu, tunaweza kuuanza leo.

Sasa, tutaweza? Tuongee na hesabu. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120. Kutoka Likasi mpaka Kolwezi ni karibu 180. Jumla karibu 300, na tutazifanya kwa siku tatu: ya kwanza mpaka Likasi, ya pili tunalala Fungurume, ya tatu tunaingia Kolwezi. Ile siku ya kwanza ndiyo itatupima. Mtu hawezi kuamuka asubui moja na kunyonga 120 ju anapenda inchi yake. Mapendo ya inchi haiondoe maumivu ya magoti.

Ndiyo maana tulianza mu mwezi wa sita, wakati wa baridi na vumbi, ili tuende mu mwezi wa kenda, mbele ya joto kali la mwezi wa kumi na mbele ya mvua. Mpango wetu ni huu: mara mbili katikati ya juma tunanyonga kidogo, na siku ya posho tunafanya safari ndefu. Safari ndefu ya kwanza ilikuwa kilometa 30. Kila juma tunaongeza sehemu moja juu ya kumi, si zaidi. Inaonekana kidogo, lakini fanyeni hesabu: nyuma ya majuma 12 mtu anakaribia kilometa 90. Mwenye kufika 90 bila kuumia, siku ya kazi yenyewe atafika 120. Mwenye kuruka kutoka 30 mpaka 70 kwa juma moja, goti litamurudisha ku nyumba, na atakaa mwezi muzima akitazama wengine.

Walimu wetu hawakutoka mbali. Mutu yeyote wa Lubumbashi anawajua: ni wale wapapa na vijana wanaoleta makala mu muji na kinga. Wanatoka mu pori usiku, na mifuko mikubwa imefungwa nyuma mpaka kinga haionekane tena, na asubui wako mu mitaa yetu ili tupike bukari. Hakuna mwenye kuwapigia mikono. Hakuna mwenye kuwapa mayo ya rangi. Tuliwaendea, tukakaa nao chini, na wakatufundisha yale ambayo hakuna masomo yalitufundisha.

Wametufundisha kama ku kilima mtu anaweza kushuka na kusukuma, na si haya. Kinga zetu nyingi ni za chuma, nzito, hazina vitesi; mwenye kulazimisha kilima cha kwanza hatakuwa na miguu ya kilima cha tano. Wametufundisha kupima kiti: unaweka kisigino juu ya pedale ikiwa chini kabisa, na mguu unyooke, halafu ukinyonga na sehemu ya mbele ya mguu, goti linabaki limekunjwa kidogo tu. Wametufundisha kula mbele ya njaa na kunywa mbele ya kiu. Usiku wa mbele tunakula bukari ya kutosha. Njiani, kila nusu saa au zaidi kidogo, ndizi, kiazi kitamu, karanga, ao mkate. Na mu bido ya maji tunatia kipimo kile kile ambacho wamama wanafundishwa kwa mtoto mwenye kuhara: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko ya chumvi. Haina rangi nzuri kama zile chupa za duka, lakini inafanya kazi.

Na wametufundisha kuogopa makamio. Hapa tunaongea sasa mambo ya wote. Ile barabara ya Likasi na Kolwezi ndiyo mshipa wa inchi hii. Shaba na kobalti vinapita pale usiku na mchana, na Kongo ndiyo inatoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia nzima. Kwa peyaji, magari yanalipa. Lakini nafasi ya mtu wa kinga iko wapi? Kandokando ya lami ni mchanga, mashimo, ao hakuna kitu. Kamio ikikuja nyuma na ingine mbele, mtu wa makala anajitupa mu majani na mzigo wake. Sisi tunafanya mazoezi kwa mstari mumoja, na nguo zenye kungaa, tunatoka saa kumi na moja na nusu ya asubui na tunarudi jua likiwa bado juu, tuko na mtu wa mbele na mtu wa nyuma wenye firimbi. Yeye anapita peke yake, mu giza, kila siku. Tukisema tunafanya mazoezi ya safari ngumu, tukumbuke kama kuna watu ambao ile safari ngumu ni siku ya kazi ya kawaida. Ndiyo maana ninaomba, na wenzangu wa mouvement wanajua, kama ku barua tutakayopeleka kwa wakubwa wa provensi, jambo la kwanza liwe njia ya kinga kandokando ya ile barabara. Mbele hata ya kuomba polisi watusindikize.

Sasa nifike ku ulizo la pili, lile linalotugawanya: nani analipa?

Sosiete moja ya migodi, sitataja jina, ilituma mtu kutuambia kama iko tayari kutupa kila kitu. Kinga mpya zenye vitesi, kaske, mayo, gari la kubeba maji, na juu yake mchango mkubwa kwa materniti. Wanaomba kitu kimoja tu: jina lao liandikwe ku mgongo wetu, na picha zipigwe ku mwanzo na ku mwisho.

Ndugu zetu wanaosema tukubali, hawana mawazo mabaya. Dada mumoja wa kundi letu, mwenye kusomea kazi ya kuzalisha, alisema maneno ambayo yalituacha kimya: mama mwenye kuzaa mu giza, na torshi ya simu imeshikwa ku meno ya muzalishaji, hataulize taa imelipwa na nani. Ni kweli. Mimi sina jibu la kumwambia yule mama angojee ju sisi tuko na misimamo. Na mtu mwenye kupinga pesa za wengine huku watoto wanakufa, anapashwa kuwa na sababu nzito.

Sababu yangu ni hii. Sheria ya migodi, ile iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, haiwaombe masosiete kutuhurumia. Inawalazimisha. Mu ile redevanse wanayolipa juu ya madini, asilimia 50 inaenda kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa miji, mitaa, sekta na shefferi ambamo madini yanatoka, na 10 inawekwa kwa ajili ya vizazi vya kesho. Tena, juu ya ile, kila sosiete inayochimba inapashwa kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka, na kuandikiana na wanainchi mkataba wa kazi gani zitafanyika. Soma tena: ya mauzo, si ya faida. Hata ikisema haikupata faida, inadaiwa.

Basi taa ya materniti si zawadi. Kwa sehemu kubwa ni deni. Na mtu mwenye deni yako akikupa kidogo mbele ya kamera, akakuvalisha jina lake ku mgongo, kesho ukienda kuuliza deni lenyewe, atakuonyesha picha. Atasema: lakini tumewasaidia, hata vijana wenyewe walivaa nguo yetu. Ile asilimia 15, ile 0,3, imeingia wapi, imejenga nini, nani aliandika sahihi: maulizo hayo yote yatafunikwa na mayo ishirini. Bei ya mgongo wetu itakuwa rahisi sana.

Na yule mama? Taa yake moja itawaka, na mimi nitafurahi. Lakini iko materniti ingine kilometa chache mbele, na ingine nyuma yake. Zile hazitapata kinga ya kupita. Zitapata tu kile ambacho sheria inasema, kama kuna mtu mwenye kukiuliza bila kufunga kinywa.

Kwa hiyo wazo langu ni hili, na kundi litapiga kura siku ya posho inayokuja. Tuwajibu kwa heshima: hatuvae jina la mtu. Wakitaka kusaidia, walipe ile wanayodaiwa, na watangaze hesabu ku ukuta wa komini, mahali mama wa soko anaweza kuisoma. Sisi tutatafuta franga kwa njia ya wadogo. Kila mwanainchi anunue kilometa moja, franga 500. Tuko watu 20 wenye kunyonga, kila mtu kilometa 300: jumla kilometa 6000, ni franga milioni 3. Haijenge materniti. Inatosha kuanza na pano ya jua, batri na taa, na kinachobaki kiingie mu kitanda. Na kila franga itaandikwa mu daftari mbili, moja kwetu, moja kwa komite ya afya ya kijiji. Hatuwezi kuomba wakubwa watoe hesabu ikiwa sisi wenyewe hatutoi.

Tena tuandike kwa mamlaka, mbele ya siku, kama kifungu cha 26 cha Katiba kinavyoomba: kuwajulisha. Kuwajulisha si kuomba ruhusa. Tutaweka saa, njia, na majina ya wenye kujibu. Mtu akituziba njia, tutashuka ku kinga na kukaa chini. Hakuna mwenye kutupa jiwe.

Ninajua kama wengine watapiga kura kinyume yangu. Wakishinda, bado nitanyonga, lakini na shati yangu ya kila siku. Kundi ni kundi. Ile tunayojifunza mu mazoezi ni hiyo: mwenye nguvu anakaa mbele kukata upepo, akichoka anarudi nyuma, mwingine anashika nafasi. Wa mwisho ndiye anatoa mwendo wa wote. Kuna dada sita mu kundi letu; ku njia wanasikia maneno ya kila namna, mwanamke na kinga, wapi na wapi. Juma lililopita wawili wao ndio walikata upepo kutoka mwanzo mpaka tuliporudi mu muji. Waliokuwa wanacheka walikuwa wamekaa.

Kwa wale wanaotaka kuingia: muda bado uko, lakini msikuje na haraka. Mtaanza na kilometa 30 kama sisi tulivyoanza, na ikiwa hamutafikia 90 mbele ya siku, mtafanya sehemu ya njia, na sehemu hiyo itahesabiwa. Mwenye kinga alete kinga, freni zikiwa nzima. Asiye na kinga alete bido ya maji, ao alete karanga, ao anunue kilometa. Mwenye kujua kutengeneza mipira na sheni, tunamuhitaji kuliko wote.

Na ukikutana asubui na papa wa makala ku kilima, anasukuma peke yake, simama dakika mbili umusukumie. Mazoezi ni pale pale.