Acheni Nisubiri

Vijana wenzangu, mtanisamehe kwa ukali wa lugha, lakini jambo hili limenifika shingoni. Kila walipo watu watatu, awe dalali, awe mjomba, awe mwalimu wa semina za ujasiriamali, wimbo ni mmoja: nunua nyumba sasa hivi, ukichelewa utajuta. Ukithubutu kuuliza, "Na kama bei inashuka?", unatazamwa kama mtu aliyetukana msibani. Eti bei ya nyumba haishuki! Mimi nasema inashuka, tumeiona ikishuka hapa hapa Dar es Salaam, na inaposhuka kijana mwenye akili zake hana sababu ya kukimbilia mkopo wa benki kama anayefukuzwa na mbwa.

Tuanze na yaliyotokea, maana watu wa mji huu ni wepisi wa kusahau. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma. Waziri Mkuu alitangulia mwaka huo huo, Makamu wa Rais akafuata 2017, Rais mwenyewe 2019. Wakati huo huo fedha za taasisi za umma ziliondolewa kwenye mabenki ya biashara zikapelekwa Benki Kuu, semina za hotelini zikapigwa marufuku, safari za nje zikabanwa. Mtaani tukapata msemo: vyuma vimekaza. Nyumba za Masaki na Mbezi Beach, zilizozoea kupangishwa kwa dola, zikakaa na mabango ya "inapangishwa" mpaka rangi ya bango ikapauka kwa jua. Kule Kigamboni, mradi wa NSSF wa Dege, uliokusudiwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000, ulisimama mwaka 2016 ukabaki magofu mapya yanayotazama bahari. Sasa anayesema bei haishuki alikuwa akiishi wapi?

Mwaka 2017 nilikuwa na milioni 10 nilizozikusanya kwa jasho. Mjomba wangu akaja na dalali wake, na dalali akaja na nyumba yake ya milioni 60, vyumba vitatu na ukuta. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: milioni 10 zangu, milioni 50 za benki, kesho nahamia. "Mpwa wangu," akasema mjomba, "kodi ni kumwaga maji mchangani. Mwanamume anajenga." Nikakataa. Tangu siku hiyo kwenye shughuli za ukoo mimi ndiye yule kijana msomi asiyejua maisha.

Basi tufanye hesabu hadharani, kila mtu aone nani hajui maisha.

Riba ya mikopo ya nyumba kwetu kwa miaka ile ilikuwa kati ya asilimia 15 na 19. Tuchukue 16. Mkopo wa milioni 50 kwa miaka 15 unakudai kama shilingi 734,000 kila mwezi. Ukimaliza, umewalipa jumla ya milioni 132 hivi. Katika mwaka wa kwanza peke yake, karibu milioni 8 ni riba tupu, hazipunguzi deni hata tofali moja. Nyumba ya namna hiyo, mtaa huo huo, naweza kupanga kwa 250,000 kwa mwezi, yaani milioni 3 kwa mwaka. Sasa mjomba, kipi kinamwaga maji mchangani? Kodi ya milioni 3 au riba ya milioni 8?

Hapo bado hatujagusa bei. Tuseme nyumba inashuka kwa asilimia 10 katika mwaka ule. Aliyesubiri anaikuta kwa milioni 54. Ameokoa milioni 6 za bei na milioni 8 za riba, ametoa milioni 3 za kodi. Yuko mbele kwa milioni 11. Na kama bei haikushuka hata senti, bado yuko mbele kwa milioni 5. Ili asubiri ahasirike, nyumba ile lazima ipande kwa zaidi ya asilimia 8 katika mwaka mmoja. Mwenye macho na aangalie lile bango lililopauka halafu aniambie kama linapanda.

Najua mzee mmoja ameshashika kiuno: "Mbona sisi tulijenga?" Ni kweli mlijenga, shikamooni wazee wangu, nyumba zenu tunaziona. Lakini mlijenga kwa mkopo gani? Sheria iliyofungua mlango wa mikopo ya nyumba kama tuijuavyo ni ya mwaka 2008. Mjomba wangu alinunua kiwanja Mbagala kwa fedha taslimu, akafyatua tofali mwenyewe, akahamia kabla ya kupiga lipu, madirisha yakiwa ya mabati. Kila mshahara ulikuwa mifuko miwili ya saruji. Hakudaiwa na mtu. Njia hiyo naiheshimu, na ndiyo njia ya Waswahili wengi mpaka leo. Kinachonikera ni mzee aliyejenga bila deni kumsukuma mpwa wake kwenye deni la miaka 15, kisha akaviita vitu hivyo viwili kwa jina moja.

Kwa hiyo tutenganishe. Kiwanja cha taslimu, kilichopimwa, ambacho unaweza kukaa nacho bila kudaiwa, hicho ni habari nyingine. Ninachosema kisubiri ni nyumba iliyokwisha, ya bei kubwa, kwa fedha ya kukopa, wakati soko linateremka.

Na kuna faida ya kusubiri ambayo dalali hataitaja kamwe. Soko linapopanda hupewi nafasi ya kuuliza: "Kuna mteja mwingine anakuja saa kumi, leta hela." Soko linaposhuka wewe ndiye bwana. Una muda wa kwenda ofisi ya ardhi kupekua hati, kumwuliza mjumbe, kuzungumza na majirani, kurudi masika kuona maji yanapita wapi. Waliobomolewa nyumba bonde la Msimbazi Desemba 2015 hawakukosa bidii ya kujenga. Na tukumbuke kwamba kwa sheria zetu za ardhi za 1999 ardhi ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini, na sisi tunapewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Jambo la miaka 99 linafanywaje kwa haraka ya saa kumi jioni? Hata upangaji wenyewe hulegea. Mwenye nyumba wangu, ambaye zamani hakutaka kusikia lolote chini ya kodi ya mwaka mzima, siku zile alikubali miezi mitatu mitatu, tena akaniuliza kama maji yanatoka vizuri!

Sasa niwageukie wenzangu wa kijiweni, maana naona mnachekelea. Ninyi mnasema mnasubiri. Mnasubiri nini na kwa njia gani? Tumeona benki ingekukata 734,000, nawe unalipa kodi 250,000. Tofauti ni 484,000 kwa mwezi. Iko wapi? Kama iko benki, kwenye hisa, kwenye hatifungani za serikali, au kwenye kiwanja cha taslimu, wewe unasubiri, nami niko upande wako. Kwa mwaka ni karibu milioni 6, kwa miaka mitatu zaidi ya 17. Lakini kama imekwenda kwenye bia na nyama choma na simu mpya kila Krismasi, bwana, usilitumie neno "kusubiri". Unakula ujana wako, na mjomba akikucheka ana haki.

Tena wapo wanaosema watanunua siku bei itakapofika chini kabisa. Hao nao wanajidanganya. Chini hakuna kibao. Marekani nyumba zilianza kushuka 2006 na zikaendelea mpaka 2012. Katikati ya miaka hiyo kila mwaka alikuwepo mtu aliyeapa kwamba ndiyo mwisho. Japani bei za ardhi ziliporomoka kuanzia 1991, zikashuka zaidi ya miaka 10 mfululizo. Aliyengoja kuuona mwisho alizeeka akingoja. Mimi siungoji mwisho. Nangoja hesabu igeuke: siku kodi ya mwaka itakapokaribia riba ya mwaka, siku nitakapokuwa na nusu ya bei mkononi, na siku nitakapojua kwamba nataka kuishi mtaa ule miaka 10. Siku hiyo hata kama bei itashuka tena mwaka unaofuata, na ishuke. Nitakuwa nimenunua pa kulala, sikununua bahati nasibu.

Wala tusishangilie bei kushuka kana kwamba ni sikukuu. Nyumba haiwi rahisi bila mtu kuumia. Aprili 2017 ilitolewa orodha ya watumishi wa umma 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Sema utakavyo juu ya vyeti, nyuma ya kila jina kuna watoto, na pengine kuna pagale lililouzwa kwa bei ya kutupa. Ukinunua kwa mtu aliyebanwa, mlipe kwa adabu. Ila funzo lenyewe tulichukue: vyuma vinavyokaza kwa muuzaji vinaweza kukaza kwa mnunuzi pia. Mwaka ambao bei zinashuka ndio mwaka ambao ajira zinatetereka. Je, huo ndio mwaka wa kuahidi 734,000 kila mwezi mpaka nywele ziote mvi?

Namalizia na letu sisi tunaoshika kalamu. Mtu anayedaiwa kila tarehe 30 hamwambii bosi wake ukweli, haachi kazi mbovu, haandiki sentensi inayoweza kumponza. Benki haihitaji kumnyamazisha, ananyamaza mwenyewe. Nimewaona watu wenye vipaji kuliko mimi wakigeuka waandishi wa barua za ofisi, na ukiwauliza riwaya ile imefika wapi wanakuonyesha geti. Na sisi wenyewe tunachochea. Soma hadithi zetu: mhusika akifanikiwa, ukurasa wa mwisho amejenga. Akishindwa, amepanga. Kwani mpangaji hana mapenzi, hana fikra, hana heshima?

Leo nina kiwanja Chanika, kimelipiwa chote, msingi umetoka ardhini, na bado nimepanga vyumba viwili. Sidaiwi na mtu. Dalali akinipigia namwambia nipo, sina haraka. Mjomba bado amenuna, lakini hesabu yangu sijasikia akiipinga, anapinga tabia yangu tu.

Mwenye kuona nimepotoka asinisute pembeni. Kalamu zipo, kurasa hizi ni zetu sote. Alete riba, alete kodi, alete bei, tujumlishe na kutoa mbele ya watu. Mpaka hapo, acheni nisubiri.