Siagi ya "Kiitaliano" Mnayouziwa Mjini Ni Majarini, Amkeni!

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo naingia jikoni, na wenye kununa wanune.

Kuna dada mmoja maarufu hapa mjini, jina kapuni, ambaye siku hizi kahamia kwenye mapishi. Sawa, kila mtu na riziki yake. Kila Ijumaa anaingia laivu kavaa aproni nyeupe pee, anachemsha tambi, halafu mwishoni anachota kijiko cha kitu cha njano chenye majani majani na kutuambia, "Hii ndiyo siri ya Waitaliano, siyo ya kila mtu." Ukiuliza, unaambiwa njoo inboksi. Ukienda inboksi unapewa bei: shilingi 35,000 kichupa kimoja, hela ya boda juu yako.

Nikanunua. Ndio, na mimi nilinaswa, msinicheke.

Kichupa kimefika saa nane mchana, jua la Dar linawaka, kipo vuguvugu. Lebo hakina, tarehe hakina. Nikakilaza kwenye friji. Asubuhi nachomeka kijiko, kinazama kama kwenye uji. Hapo nikashtuka. Siagi ya maziwa ikilala kwenye friji inakuwa ngumu, unaikata kwa kisu. Nikaweka kidogo kwenye kikaango. Siagi ya kweli inatoa povu, kisha chini yanabaki mabaki ya maziwa yanayogeuka kahawia na kunukia kama karanga za kukaanga. Hii ikageuka mafuta tu, kimyaa. Nikarudia video yake, nikakodolea macho ile kona ya jikoni: kopo la majarini limejificha nyuma ya maua. Kwisha habari.

Tuelewane hapa. Majarini siyo dhambi. Wengi wetu tumekula mkate na Blue Band tukaenda shule na tukafaulu. Ila siagi ni krimu ya maziwa iliyosukwa. Kule Ulaya sheria inataka iwe na mafuta ya maziwa asilimia 80 au zaidi ndipo iitwe siagi. Majarini ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 iwe mbadala wa bei nafuu, na siku hizi kwa kawaida ni mafuta ya mimea. Ukiuza cha bei nafuu kwa jina la cha bei ghali, hiyo siyo biashara tena, ni utapeli wenye mwanga mzuri wa kamera.

Na hiyo "siri ya Waitaliano" ni siri gani? Italia yenyewe haipiki chungu kimoja. Siagi ina nguvu zaidi kaskazini, kule kwenye ng'ombe wengi. Kusini wao ni mafuta ya zeituni. Mantova wanakula tambi zilizojazwa boga, juu wanamwagia siagi iliyopashwa na majani ya seji. Milano wana risotto, wali mzito wa zafarani, na mwishoni kabisa wanakoroga siagi ya baridi na jibini ndipo unang'aa. Roma kuna fettuccine za Alfredo, ambazo asili yake ni siagi na jibini ya Parmigiano, krimu hakuna. Huyu dada juzi kaitia siagi yake kwenye carbonara. Carbonara ni mayai, jibini, nyama ya nguruwe na pilipili manga, siagi hakuna! Na hata huu mtindo wa kuchanganya siagi na majani, Wafaransa wanao siku nyingi, wanatia pasli na limau. Hamna siri, kuna kichupa.

Sasa chukueni kalamu, leo ni bure.

Nunua siagi isiyo na chumvi, gramu 250. Iache nje mpaka ilainike, isiyeyuke. Iponde kwa uma. Tia punje mbili za kitunguu saumu zilizosagwa laini, kiganja cha majani ya rehani au pasli yaliyokatwa na kukaushwa maji vizuri, kwangua ganda la njano la limau moja, chumvi kiasi. Changanya, viringisha kwenye karatasi ya kuokea kama soseji nene, tia kwenye friji. Ikiganda unakata vipande kama sarafu. Umemaliza, dakika kumi tu na kusubiri friji.

Unataka ya risotto? Achana na kitunguu saumu. Loweka nyuzi chache za zafarani, ile ile ya biriani, kwenye kijiko cha maji ya moto, ipoe, changanya na siagi. Ya tambi za boga? Kwangua kungumanga kidogo, maana Waitaliano nao wanaitumia. Viungo vyenyewe vimo kabatini kwa bibi yako wa pwani, wewe unavifuata inboksi!

Jambo kubwa ni kumalizia. Tambi zikiiva, bakiza nusu kikombe cha maji yake. Zima moto. Tia tambi, maji kidogo, vipande vya siagi ya baridi, halafu zungusha sufuria haraka. Wanga wa yale maji unashikana na siagi, unapata mchuzi mzito unaong'aa. Ukiacha moto unawaka sana, siagi inaachana na maji na utakula mafuta yanayoelea.

Kilichonikera zaidi ya hela ni hiki. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta kinakosa hewa, na pakiwa na joto, bakteria wa botulizimu wanastawi. Mwaka 1985, Vancouver, Kanada, watu zaidi ya 30 waliugua kwa kitunguu saumu cha kwenye mafuta kilichokaa bila baridi. Sumu yake huioni wala huinusi. Ya kwako nyumbani iliwe ndani ya siku tatu nne, iliyobaki igandishe kwenye friza. Na umeme ukikatika siku nzima ikayeyuka, mwaga. Sasa niambieni, kichupa kisicho na tarehe, kimezunguka na boda juani, tunakilaje?

Najua mtakuja na "ana wivu huyo, mwacheni mwenzako atafute." Atafute, tena mimi nitamnunulia. Aandike tu kwenye lebo: hii ni majarini, imetengenezwa lini, ihifadhiwe wapi. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi ndio tunaomsifia, mioyo mia tano kabla tambi hazijaiva.

Kwa bei ya kichupa chake mimi nilipata pakiti mbili za siagi halisi, viungo vyote, na nauli ya daladala ikabaki. Mama yangu alionja tambi zangu, akanyamaza, akaongeza sahani. Hiyo kwangu ni tuzo.

Haya, komenti ziko wazi hapo chini. Mashabiki wake najua mko njiani, karibuni sana. Ila mje na lebo.