Tuulize Namba ya Bati

Baba wa Kalengera auzapo maharagwe yake apate kuezeka nyumba, fedha ile ni jasho la mwaka mzima. Basi asiingie dukani Goma pasipo karatasi ya fundi, yenye hesabu ya mabati, mbao na misumari. Asiye na karatasi huuziwa apendavyo mwenye duka.

Kwa mabati, tuulize namba. Wengi hudhani namba 32 yapita namba 28 kwa ubora, kwa kuwa ni kubwa. Sivyo! Kadiri namba inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Sisi wenyewe tulikosea hivyo mwaka mmoja. Tulifurahia bei, na upepo mkali wa kwanza ukararua bati penye misumari. Tena huku kwetu moshi wa mlima Nyiragongo hutia mvua asidi ilayo chuma, na bati jembamba ndilo litobokalo mapema.

Saruji isinunuliwe zamani kabla ya kazi. Mfuko wa kilo 50 ukishika unyevu huganda, na fedha imepotea. Kwanza tukusanye mawe ya msingi. Mawe ya volkano hatuyakosi. Misumari nayo ipimwe mbele ya macho yetu.

Majirani wawili watatu wakinunua pamoja, wataweza kuomba bei ipunguzwe, nao watakodi gari moja. Kwa mifuko michache, chukudu yatosha. Na bei ikitajwa kwa dola, tuulize ni faranga ngapi kabla ya kufungua mkoba.