Nunda Asikatwe Kucha: Maudhui Mazito katika Fantasia ya Vijana

Baadhi ya wahakiki na wahariri hudai kuwa kifo, uchu na ukatili havina nafasi katika fantasia ya wasomaji wachanga. Dai hili linachanganya mambo mawili: jambo lenyewe na namna linavyosimuliwa. Ngano za Waswahili zilikwisha kuyatenga zamani.

Mfano bora ni ngano ya Sultani Majnuni, iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870. Paka wa sultani anaanza kwa kula mifugo, kisha anakula watu. Kila paka anaposhitakiwa, sultani humkinga: paka ni wake, na kilicholiwa ni chake. Wanapoliwa wanawe watatu ndipo anapokiri kuwa huyo si paka, ni nunda. Kiini cha ngano si damu, bali ulinzi ambao mwenye nyumba anampa mwenye kudhuru. Vifo vya wana hao vikifutwa, hubaki kisa cha paka mtundu na baba asiye na kosa.

Kwa mtoto wa Mombasa, awe wa Kilindini, Kuze au Kibokoni, suala hili si la nadharia tupu. Kenya ilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono mwaka 2006, nayo inataja kosa na adhabu. Lakini mtoto anayedhulumiwa na jamaa yake hasomi vifungu vya sheria. Siri ya nyumba na heshima ya mkubwa humfunga kinywa. Fantasia humpa sitara: humtazama nunda bila ya kulazimishwa kumtaja mjomba.

Sitara hiyo ina masharti. Dhuluma isigeuzwe burudani, na msomaji asiachwe gizani peke yake. Katika ngano hii, kitinda mimba huua mnyama baada ya mnyama, na kila mara mama yake humwambia kuwa siye. Hivyo hujifunza kumtambua nunda kabla ya kumshinda. Fantasia inayorundika mateso ili kusisimua tu inastahili kukataliwa, lakini kwa usimulizi wake, si kwa maudhui yake.

Mhariri anayemkata nunda kucha hamlindi mtoto. Analirudia tu jibu la sultani: paka ni wetu.