Mgonjwa Ameridhika, au Ana Adabu Tu?

JICHO LA ALHAMISI
Na Zainabu Mbwilo

Muulize mama aliyemleta mwanawe kliniki ya afya ya akili wilayani kama ameridhika na huduma. Atakujibu, "Tunashukuru, mwanangu." Anayeuliza ni muuguzi yuleyule atakayemchoma kijana sindano mwezi ujao. Ulitaka aseme nini?

Mwaka 1979 watafiti wa Marekani, Larsen na Attkisson miongoni mwao, walichapisha dodoso la maswali manane la kupima kuridhika kwa mteja. Kila jibu hupewa alama 1 hadi 4, hivyo jumla huwa kati ya 8 na 32. Limetumika nchi nyingi, na mjini, penye vituo vya kuchagua, sina ugomvi nalo. Lakini swali lake mojawapo ni hili: ukihitaji msaada tena, utarudi kwetu? Mtu wa Mahenge aende wapi kwingine? Anarudi kwa sababu dawa ziko hapo, basi.

Halafu anayejaza fomu ni aliyefika. Aliyekosa nauli ya bodaboda, au aliyeambiwa dawa zimeisha akanunue dukani hadi ndugu wakachoka, hayupo kwenye foleni. Kadiri wasioridhika wanavyotoweka, ndivyo wastani wa alama unavyopanda. Kliniki inaweza kufukuza nusu ya wagonjwa wake na bado ikapongezwa.

Tanzania ilianza kushusha huduma hizi vijijini mapema miaka ya 1980, Morogoro na Kilimanjaro, ili si kila mgonjwa asafirishwe hadi hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Lengo lilikuwa huduma imfikie mgonjwa alipo; kwa hiyo kipimo cha haki kianze na aliyeacha kuja. Rejesta zipo, majina yaliyokatika yanaonekana. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii awatafute, ila kwa busara: akiingia uani na fomu ya wagonjwa wa akili, kijiji kizima kitajua kabla ya magharibi. Apitie humo humo katika mizunguko yake ya kila siku.

Na aulize mambo yanayoshikika. Mara ya mwisho ulipewa dawa dirishani? Nauli ilikuwa shilingi ngapi? Mikono ilipoanza kutetemeka, nani alikueleza kwamba ni dawa? Daktari alizungumza na wewe, au na aliyekusindikiza tu? Majibu ya lile swali la dawa dirishani yamfikie anayeagiza Bohari ya Dawa kabla ya oda inayofuata, yasisubiri ripoti ya mwaka.