Uliza mpira wa mkojo utatolewa lini

Mdharau mwiba mguu huota tende. Katika chumba cha wagonjwa mahututi macho yetu huvutwa na mashine ya kupumulia na nyaya za kifuani, tukausahau mpira mwembamba unaotoa mkojo kwenye kibofu. Ilhali ni kwa mpira huo ambapo viini vingi hupata njia ya kuingia mwilini.

Kwa miaka mingi mgonjwa mahututi wa Kitui au Makueni alilazimika kukimbizwa Nairobi. Tangu huduma za afya zikabidhiwe serikali za kaunti mwaka 2013, vitanda vya wagonjwa hawa vimesogezwa karibu na nyumbani. Hilo ni jambo la kushukuru, hasa tukikumbuka ajali za barabara kuu ya Mombasa, kati ya Sultan Hamud na Mtito Andei, zinazowaumiza watu vichwa na migongo. Lakini kitanda na mashine pekee havitoshi.

Mpira huu una kazi yake. Aliyepoteza fahamu hawezi kwenda haja, na daktari hutaka mkojo upimwe kila saa ili ajue kama figo zinafanya kazi. Taabu ni kwamba kibofu hujisafisha kwa kujaa na kumwaga. Mpira ukiwamo, viini vya choo na vya mikono yetu huupanda taratibu na kujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida. Kila siku inayopita, wagonjwa kati ya 3 na 7 katika kila 100 huingiwa na viini kwenye mkojo. Mpira ukikaa mwezi mzima, karibu wote huwa navyo.

Si kila mwenye viini hivyo anahitaji dawa. Kumpa mtu antibiotiki kwa sababu tu mkojo wake unanuka ni kuzalisha viini sugu. Hatari huja homa inapopanda na viini kufika kwenye figo au damu. Na mgonjwa wa chumba hiki hawezi kukwambia anaumwa wapi.

Kinga haihitaji mashine ya mamilioni. Mpira utiwe kwa vifaa vilivyotakaswa. Mfuko wa mkojo uning'inie chini ya kibofu bila kugusa sakafu, na bomba lake lisikunjwe wala kufunguliwa ovyo. Kila mgonjwa awe na chombo chake cha kumwagia mkojo, na anayeushika mpira anawe mikono kabla na baada. Kubwa kuliko yote, kila asubuhi daktari na muuguzi waulizane: je, bado anauhitaji? Kama hauhitaji, utolewe siku hiyo hiyo.

Hapa nina neno kwa wakubwa wa kaunti. Ukambani ni nchi kavu, na wenyeji hujenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu ili kuhifadhi maji. Hospitali ambayo mifereji yake imekauka itawaambiaje wauguzi wanawe mikono? Na muuguzi mmoja akiachiwa wagonjwa wengi, atapata wapi nafasi ya kukumbuka mpira wa nani umekaa siku ngapi? Kwa maoni yangu, pesa za maji, glavu, dawa ya kutakasa mikono na mishahara ya wauguzi zitengwe kwanza, kabla ya kukata utepe wa jengo jingine.

Nawe msomaji, una jukumu lako. Ukienda kumwona mgonjwa, nawa mikono. Usiuvute mpira, wala usiuinue mfuko kuuweka kitandani, kwani mkojo utarudi kwenye kibofu. Kisha uliza kwa heshima: "Sista, mpira huu utatolewa lini?" Huo si ufidhuli. Ni haki ya mgonjwa wako ambaye hawezi kujiulizia, na muuguzi mwema hatachukia kukumbushwa.