Mpox: kidonge kilishindwa, kitanda kikasaidia

Tarehe 14 mwezi wa nane 2024, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitangaza kwamba mpox, ile ambayo watu wengi wanaita ndui ya nyani, ni jambo la haraka kwa dunia yote. Kesho yake, tarehe 15, ikatoka habari nyingine ambayo haikusikika sana: dawa ya tecovirimat, ambayo waganga wengi walikuwa wanaitumainia, ilijaribiwa hapa Kongo na ikaonekana haifupishi ugonjwa.

Waliosikia habari hiyo wengi walisema: basi, jaribio limeshindwa, imeisha. Lakini mtu akiangalia hesabu zake polepole, ataona kwamba kilichoshindwa ni kidonge. Jaribio lenyewe lilifanya kazi yake, na ndani ya hesabu hizo muko jambo ambalo linagusa kila kituo cha afya cha Kivu, Ituri na Maniema.

Ilifanyika wapi, na juu ya nini

Jaribio hilo linaitwa PALM007. Hizo herufi PALM ni za Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Liliongozwa na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kongo, INRB, pamoja na taasisi ya serikali ya Marekani, NIAID. Lilianza mwezi wa kumi 2022 katika hopitali mbili: ya Tunda, katika jimbo la Maniema, na ya Kole, katika Sankuru. Wagonjwa 597 waliingia, watoto na wakubwa.

Tecovirimat haikutengenezwa kwa ajili ya mpox. Ilitengenezwa kwa ndui ya zamani, ile iliyomalizwa duniani na kutangazwa hivyo mwaka wa 1980. Marekani iliiruhusu mwaka wa 2018. Kwa kuwa hakukuwa tena na mgonjwa wa ndui hata mmoja, nguvu yake ilipimwa kwa wanyama, na kwa watu wazima wenye afya walipima tu kama haina hatari. Mwaka wa 2022 Ulaya ikairuhusu hata kwa mpox. Virusi vya magonjwa haya mawili ni ndugu, basi watu walifikiri kinachoponyesha mnyama kitaponyesha na mtu. Bado ilikuwa mawazo tu. Lazima mtu aende kuhakikisha pale ugonjwa wenyewe ulipo.

Tombola ya wagonjwa

Hapa ndipo maneno mengi yanaanzia. Wagonjwa wa Tunda na Kole waligawanywa kama kwa tombola. Kikundi kimoja kilipewa tecovirimat, kingine kilipewa placebo, maana yake kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Mgonjwa hakujua amepata kipi. Mwuguzi naye hakujua.

Sokoni na kwenye pikipiki swali ni lile lile kila mara: juu ya nini kumpa mgonjwa kidonge cha bure? Si ndiyo kufanya watu kobaye?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko ndani ya matokeo. Kati ya wagonjwa wote wa jaribio, waliofariki walikuwa asilimia 1.7, yaani kama watu 10. Katika nchi kwa jumla, hesabu ya vifo vya mpox ilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Tufanye kwamba wote 597 wangepewa tecovirimat, bila placebo. Watu wangeona vifo vimepungua hivyo na wangesema: dawa ni nzuri, tununue. Serikali na wafadhili wangetoa feza nyingi kwa kidonge hicho.

Lakini kwa sababu kulikuwa tombola, iliwezekana kulinganisha. Waliopata dawa na waliopata placebo, vidonda vyao vilipona karibu kwa muda ule ule. Vifo navyo vilikuwa vichache pande zote mbili. Kama waliokunywa kidonge cha bure nao walipona vizuri hivyo, basi kuna kitu kingine kilichowasaidia.

Kilichowasaidia

Katika jaribio, kila mgonjwa alilazwa hopitalini angalau siku 14. Alipewa chakula. Alipewa maji ya kutosha, na aliyeshindwa kunywa aliwekewa serumu. Kidonda kikiingia uchafu, alipewa antibiotiki. Malaria au ugonjwa mwingine ukionekana, ulitibiwa. Na kila siku kulikuwa mtu wa kumwangalia. Watafiti wenyewe walisema hivyo walipotoa matokeo: mgonjwa wa mpox akilazwa na kutunzwa vizuri anapona zaidi, akiwa na tecovirimat ao bila yake.

Beni na Butembo walikwisha kuona upande mwingine wa jambo hili. Wakati wa Ebola, jaribio la kwanza la PALM lilianza Beni mwezi wa kumi na moja 2018, likafika Mangina, Butembo na Katwa. Watu 681 waligawanywa kwa tombola kati ya dawa nne. Pale hakukuwa placebo, kwa sababu Ebola inaua sana na kulikuwa tayari dawa ya kulinganishia, ZMapp. Katika mwezi wa nane 2019 tombola ilisimamishwa mbele ya wakati, kwa kuwa dawa mbili zilikuwa zimeacha zingine nyuma. Kwa ZMapp walikufa karibu watu 50 kwa 100. Kwa mAb114 walikufa 35, na kwa REGN-EB3 kama 34. Hiyo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka wa 1995. Leo dawa hizo mbili zinakubaliwa na OMS.

Njia ilikuwa moja. Beni ilionyesha dawa zinazofaa, Tunda na Kole zikaonyesha dawa isiyofaa. Zote mbili ni faida kwa mgonjwa wa kesho.

Waganga bado wanabishana

Jambo la kwanza ni ile asilimia 1.7. Waliofika Tunda na Kole na kukubali jaribio huenda si sawa na mgonjwa aliyebaki kijijini. Hesabu ya nchi nayo inatoka kwa wagonjwa walioandikwa tu. Kwa hiyo hesabu hizo mbili haziwezi kulinganishwa kwa nguvu sawa na vikundi viwili vya tombola. Hapo waganga wanapaswa kusema kwa uangalifu.

La pili ni aina ya virusi. Virusi vilivyotokea Kamituga, katika Kivu ya Kusini, mwaka wa 2023 ni tofauti kidogo na vile vya Tunda na Kole. Hata hivyo, jaribio lingine kubwa la tecovirimat, lililofanyika katika nchi nyingi, nalo halikuona faida mwishoni mwa 2024.

La tatu ndilo zito zaidi. Jaribio likiisha, ule utunzaji unabaki kwa nani? Katika hopitali nyingi za mashariki, chakula cha mgonjwa kinatoka nyumbani, serumu inanunuliwa na jamaa, na fakture inawangoja mlangoni. Vita navyo vinavunja yote: katika mwezi wa kwanza 2025, mapigano yalipofika Goma, wagonjwa wengi wa mpox walikimbia vituo walimokuwa wanatunzwa. Kidonge kinaweza kusafiri ndani ya karton. Kitanda, chakula na mwuguzi anayelipwa haviwezi, na hivyo ndivyo ambavyo Tunda na Kole vinaomba viwepo.

Maswali ya kuuliza

Chanjo ni jambo lingine: ilianza kutolewa Goma mwezi wa kumi 2024, na matokeo ya tecovirimat hayaigusi. Mwenye homa na vipele asingoje dawa mpya. Aende mapema kituoni, kwa kuwa kunywa, kula na kusafisha vidonda ndivyo vinavyosaidia.

Na siku watafiti watafika katika zoni ya afya na karatasi ya kutia mkono, mkaaji ana haki ya kuuliza. Tombola ni kati ya nini na nini? Nikikataa, nitatunzwa sawa na wengine? Matokeo tutayasikia wapi, na kwa lugha gani? Dawa ikifaa, itafika hapa kwetu? Na ikishindwa, kitanda na chakula vitabaki?

Hilo la mwisho, viongozi wa zoni na wa jimbo nao wanapaswa kulijibu, hata kama hakuna mtafiti aliyefika.